Vilivyomo Ndani ya Nyumba Namba Saba

Bwenini, Ruangwa
Jumapili, 11 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimechoka. Wiki nzima tulikuwa na mitihani, na maji yalikatika siku tatu tukawa tunateka bondeni alfajiri kabla ya kuhesabiwa namba. Bahasha yako konda wa gari la asubuhi ameifikisha salama. Niliifungua mbele ya matroni kama sheria inavyotaka. Usisahau kwamba barua zote zinazoingia huku anazisoma yeye kwanza.

Nimesoma fomu ya bima mara tatu. Kidato cha tatu tumeanza mada hiyohiyo, kwa hiyo nilimpelekea Mwalimu Bertila yale nisiyoyaelewa. Hivi ndivyo ninavyoelewa.

Ghorofa letu lina nyumba kumi na mbili, na kila mmoja ana hati ya nyumba yake. Paa, ngazi, kuta za nje na tangi la juu ni mali ya wote, na hivyo umoja wa wakazi umeshavikatia bima. Ndiyo maana tangi lilipopasuka mwezi uliopita watalipwa tangi. Lakini jikoni kwetu palipolowa hapamhusu mtu ila sisi. Kuanzia ndani ya mlango wa namba saba, kila mwenye nyumba anajikatia mwenyewe, na umoja unataka wote wawe wamemaliza kufikia tarehe kumi na tano Novemba, kabla ya mvua.

Hapo kuna kuchagua. Ya kwanza ni bima ya ndani ya jengo: kuta za vyumba, milango, nyaya za umeme, sinki. Ya pili ni bima ya vilivyomo: vitanda, vyombo, kila kitu ambacho ungegeuza nyumba juu chini kingeanguka. Umesema uwezo wetu ni moja tu. Mimi naona tuchague vilivyomo. Kuta ni matofali, lakini vitu vyetu ndiyo sisi.

Nelly, rafiki yangu wa Kilimarondo, alinicheka. Kwao ni wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Alisema, "Nyie Wamwera mnakatia bima masufuria! Kwetu bima ni kugawa ng'ombe. Kumi kwa baba mdogo, kumi kwa shemeji. Ugonjwa ukija kwetu, haujui njia ya kwa shemeji." Nikamwambia kabati haligawanyiki. Akasema, "Basi una hasara wewe."

Naomba uniandikie orodha ya vitu, chumba kwa chumba. Weka sahihi ukurasa wa mwisho, mimi nitajaza kwa mwandiko mzuri.

Msalimie sana mama. Mwambie mbona haandiki.

Mwanao,
Raudha

*

Nachingwea
19 Agosti 2024

Raudha mwanangu,

Marahaba. Orodha ni hii.

Sebuleni: viti viwili vya mbao, meza, redio, saa ya ukutani.
Chumba cha wakubwa: kitanda, sanduku langu la vifaa vya umeme.
Chumba chako: kitanda, meza ndogo.
Jikoni: jiko la gesi, sufuria moja, ndoo mbili.

Sahihi nimeweka. Wewe ndiye msomi, jaza utakavyoona.

Likizo fupi ya Septemba usije. Ukuta wa jikoni haujakauka na harufu yake mbaya. Baki ujisomee. Nimeongea na matroni kwa simu, amekubali.

Mama yako yupo, anakusalimu.

Baba yako,
Isihaka

*

Bwenini, Ruangwa
Jumapili, 25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Ahsante kwa orodha, ila samahani, nimecheka. Ungeandika hivi kwenye mtihani Mwalimu Bertila angekupa alama kumi kwa mia. Sufuria moja! Wageni wa Idi walipikiwa katika nini?

Umesahau cherehani ya mama. Umesahau kabati la vyombo lenye vioo, vile vikombe vya maua, masufuria saba, friji ndogo ya juisi, kioo kirefu, mikeka miwili na kitanda cha kamba. Najua ukirudi kutoka kazini umechoka hutazami chochote. Lakini Mwalimu anasema watu wengi hulia baada ya moto kwa sababu waliandika orodha kivivu. Kampuni hulipa ulichoandika, hailipi ulichosahau.

Basi nimekusaidia. Nilifumba macho nikatembea ndani ya nyumba yetu, mlango hadi mlango, nikaandika kila nilichokiona. Vimefika vitu thelathini na nne. Kwa kuwa sahihi yako ilikuwepo, Mwalimu Bertila ameifikisha fomu hapa mjini ofisini kwa wakala, anaitwa Agapiti. Amesema atakuja Nachingwea kukagua.

Kubaki shule nimekubali. Nilitaka kuja, lakini nimekubali.

Mwanao,
Raudha

*

Bwenini, Ruangwa
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii naituma pamoja na ya baba, maana ukisubiri salamu kupitia kwake zinafika zimekatwa mikono na miguu.

Mama, unajua baba alisahau kuandika cherehani yako kwenye bima? Na kabati! Nimeviongeza. Naomba unihakikishie kwamba cherehani bado inafanya kazi, kwa sababu nimeandika "nzima".

Wenzangu wa bweni la pili wanasema gauni ulilonishonea linafaa kuuzwa dukani.

Raudha wako

*

Matambarale
8 Septemba 2024

Mwanangu Raudha,

Marahaba mama. Barua yako imechelewa kunifikia. Jirani yetu Tunu kaipata kwa baba yako, kaniletea kwa mkono, maana mimi nipo huku Matambarale kwa bibi yako. Mguu wake unamsumbua na korosho zimeanza kuanguka, hakuna wa kuokota.

Cherehani ipo. Inafanya kazi vizuri sana, juzi nimeshona sare za watoto wawili. Kabati lipo. Vikombe vipo, kimoja tu kimepasuka mkono. Usijali vitu, jali masomo.

Najua niko karibu na shule yako kuliko nilivyokuwa. Nitakuja siku ya wazazi, nikipata nafasi. Bibi anasema wewe ni mwembamba hata bila kukuona.

Usimuulize baba yako maswali mengi. Amechoka. Na mimi nimechoka pia, lakini huku nalala.

Mama yako,
Hadija

*

Nachingwea
23 Septemba 2024

Raudha,

Nimejaribu kuiandika barua hii tangu Ijumaa. Kama matroni anaisoma, na aisome.

Wakala Agapiti alifika Alhamisi saa nne asubuhi. Kijana mpole, ana mkoba na kamera. Mzee Ramadhani, mwenyekiti wa umoja, alipanda naye ngazi kwa sababu anataka kuona kazi ikikamilika. Nikawakaribisha viti. Viti ni viwili, mimi nikasimama.

Agapiti akafungua fomu yako, akaisifu. Akasema, "Mzee wangu, mwandiko huu! Wateja wote wangejaza hivi ningekuwa nimeshastaafu." Halafu akaanza kusoma. "Cherehani moja, ya miguu."

Nikasema haipo.

"Iko kwa fundi?"

Nikasema hapana.

"Kabati la vyombo, la vioo."

Nikasema halipo.

"Friji ndogo."

Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, umeibiwa? Polisi umeripoti?"

Mzee Ramadhani akakohoa. Akamwambia, "Wewe kijana andika halipo, endelea mbele."

Lakini yule ni mtu wa kazi yake. Akapita vyumbani na fomu akihesabu, akarudi. Akasema, "Babu, siwezi kuandika halipo vitu kumi na tisa. Ofisini watasema mteja ameorodhesha vitu hewa, anangojea moto. Lazima nieleze vimekwenda wapi." Tukawa tumesimama sebuleni wanaume watatu, tunatazama sakafuni alama nne za miguu ya kabati.

Ikabidi niseme. Sasa nakwambia na wewe, ingawa ulipaswa kuwa wa kwanza.

Mama yako aliondoka tarehe ishirini na mbili Julai, wiki mbili baada ya wewe kurudi shule. Alichukua vyombo vyake. Unaijua desturi yetu: mwanamke akiondoka, alivyokuja navyo na alivyonunua mwenyewe huondoka navyo, na mwanamume hasimami mlangoni kuvihesabu. Sikusimama. Nilikwenda kazini nikafunga taa za watu. Niliporudi jengo zima lilikuwa linajua, kwa sababu kabati lile halikupita ngazini bila watu wanne.

Sikukuandikia kwa sababu ya matroni. Huo ni uongo mwingine. Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini.

Ile orodha yangu ya kwanza haikuwa ya kivivu. Ndivyo nyumba ilivyo.

Agapiti ameondoka na fomu, ameibatilisha. Hakuniandikia vibaya.

Baba yako

*

Bwenini, Ruangwa
Jumapili, 29 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Matroni aliponipa barua yako alikuwa ameshaisoma. Alinipa na chai yake, akaniambia nikae ofisini kwake mpaka nimalize kuisoma.

Naomba msamaha. Nilidhani nasahihisha insha. Nilikuwa najivunia vitu thelathini na nne, nikamwonyesha hata Nelly. Sasa nikifikiria umesimama pale na mgeni anasoma mwandiko wangu kwa sauti, nasikia joto usoni.

Nina hasira pia, baba. Nimeiandika kwa sababu na wewe umeandika ukweli. Wiki tisa mlinisalimia kama watu wanaoishi pamoja. "Mama yako yupo, anakusalimu." Niliisoma sentensi hiyo kwa furaha.

Sijui niulize nini. Nitamwandikia mama.

Raudha

*

Bwenini, Ruangwa
Jumapili, 29 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Baba ameniambia. Uliandika cherehani ipo, na kweli ipo. Hukusema uongo hata neno moja, na mimi sikuambiwa kitu.

Mwalimu Bertila alitufundisha kwamba mtu hawezi kukata bima ya kitu ambacho kikiharibika yeye haumii. Huwezi kukatia bima nyumba ya jirani ukae ungojee iungue. Nilipokuwa nanakili nilidhani ni sheria ya fedha tu. Mama, sisi hiki tulicho nacho kikiharibika, nani anaumia? Naomba uniambie kwa nini uliondoka.

Raudha

*

Matambarale
13 Oktoba 2024

Mwanangu,

Umeniuliza swali la mtu mzima, nitakujibu kama mtu mzima. Nimeandika polepole, bibi yako ananiuliza naandika nini mpaka taa ya sola inazimika.

Baba yako si mtu mbaya. Hanipigi, hanywi, hanitukani. Andika hilo kwanza.

Nyumba ile ilinunuliwa kwa jasho lake na kwa korosho za shamba hili. Shamba hili ni la bibi yako, alipewa na mama yake. Kwetu sisi ardhi inapita upande wa mama, na bibi yako hajawahi kuomba ruhusa kwa mtu ili azungumze kwake. Alitoa mavuno ya misimu miwili. Hati ilipotoka ilikuwa na jina moja. Nikamuuliza baba yako. Akasema ataliongeza la pili. Nikauliza tena mwaka uliofuata. Akasema ofisi ina foleni. Hakuwa na hila, mwanangu. Alikuwa na uvivu wa kuamini kwamba mimi nipo tu, kama ukuta.

Tarehe ishirini na moja Julai umoja ulifanya mkutano, kuhusu hiyohiyo bima. Baba yako alikuwa kazini, nikaenda mimi. Nikanyoosha mkono niulize kuhusu ngazi zilizochakaa. Katibu akatazama daftari akasema, "Samahani mama wa namba saba, wanaochangia ni wenye nyumba, wapangaji na wageni wasikilize." Wanawake wenzangu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. "Haya mgeni, kaa!" Na mimi nikacheka. Nilirudi juu, jioni nikamweleza baba yako. Akasema, "Katibu naye! Achana naye," akaendelea kula.

Nikaangalia mle ndani. Nikajiuliza, hapa pakiungua leo, mimi nitalia nini? Nikaona nitalia vyombo tu. Mwalimu wako kasema vizuri, mtu hubaki na kile kinachomuuma. Asubuhi nikafunga masufuria.

Hukuniuliza kama nitarudi, na umefanya vizuri, maana sijui. Huku nimechoka pia, lakini ni uchovu wa kuokota korosho, unaisha ukioga.

Siku ya wazazi nilishindwa kuja. Niliogopa utaniona usoni. Sasa unajua, nitakuja.

Mama yako,
Hadija

*

Nachingwea
28 Oktoba 2024

Raudha mwanangu,

Hasira yako nimeipokea. Ni haki yako.

Agapiti amerudi. Amenipa fomu mpya na akanishauri jambo ambalo sikutegemea kwa mtu anayeishi kwa kuuza. Alisema, "Mzee wangu, usikate ya vilivyomo. Nikikuuzia hiyo nakuibia. Kwa vitu hivi, ukiungua leo unanunua vingine mnadani Jumamosi. Kata ya ndani ya jengo. Nyaya zako za zamani, sinki linavuja, na tangi jipya wameliweka palepale juu ya jiko lako." Mimi mwenyewe ni fundi umeme, nyaya zangu nazijua. Nimeona aibu, nimekubali. Lakini fomu ya kwanza ulichagua wewe, kwa hiyo nakuuliza.

Nimeijaza mwenyewe safari hii. Nilifika mahali wanauliza watu wangapi wanaishi ndani ya nyumba. Nilikaa na peni muda mrefu kuliko swali linavyostahili. Nimeandika mmoja.

Bado siku kumi na nane tarehe ya umoja ifike. Wenzangu wote wamemaliza. Mzee Ramadhani akinikuta ngazini ananisalimia kwa upole mwingi, ningependa anitukane.

Likizo ya Desemba nenda kwa mama yako. Kuna chakula huko, kuna watu. Sitakasirika.

Baba yako

*

Bwenini, Ruangwa
Jumapili, 3 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mama alikuja Jumapili iliyopita na ndizi na chupi mpya na akanisuka nywele chini ya mti wa mkorosho nje ya geti, kwa sababu hatukuwa tumeomba kibali cha kukaa ndani. Hatukuzungumza sana. Alinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, nikapata sababu.

Nakubali bima ya ndani ya jengo. Niliposema tuchague vilivyomo nilikuwa nawaza vitu visipotee. Vimekwisha kwenda, na havikupotea, vipo Matambarale vinatumika. Sasa namba saba ibaki na kuta zake, milango ifunguke, umeme usiwake moto. Mtu akitaka kuingia akute pa kuingia.

Lakini fomu umeikosea. Mwalimu Bertila anasema ukitoa taarifa isiyo ya kweli, hata kwa bahati mbaya, mkataba unaweza kuvunjwa. Umeandika mmoja. Hukuniuliza. Mimi nina kitanda na meza ndogo mle ndani, umeviandika kwa mkono wako. Tarehe sita Desemba tunafunga shule. Wiki ya kwanza nitakwenda kwa mama na bibi kuokota korosho, kisha nakuja nyumbani mpaka shule ifunguliwe. Mama nimemwambia. Akasema, "Mwambie baba yako anunue sufuria ya pili."

Kwa hiyo andika wawili.

Na jambo la hati, mama ameniambia. Mimi ni mtoto, sitasema kitu. Nimesema tu kwamba ameniambia.

Mwanao,
Raudha

*

Nachingwea
11 Novemba 2024

Raudha,

Marahaba. Barua yako nimeisoma ngazini, sikuweza kusubiri kufika juu.

Nilifuta mmoja nikaandika wawili. Agapiti akakataa. "Mzee, fomu ya bima haifutwi. Hii siyo daftari la sungusungu." Nikamwambia basi lete nyingine. Akasema hiyo ni ya tatu, ofisini watadhani anafundisha watu kuandika. Akaleta. Nimeijaza upya kuanzia jina, peni nyeusi, taratibu. Wanaoishi ndani: wawili. Akanipa stakabadhi, na Mzee Ramadhani ameibandika orodha kwenye ubao wa chini, namba saba imetiwa alama.

Kisha nilikwenda ofisi ya ardhi. Nilikuta foleni kweli, watu sita. Miaka mitatu nilikuwa naikimbia foleni ya watu sita. Wamenieleza kwamba jina la pili linaongezwa kwa sahihi ya mwenye jina, mwenyewe awepo. Kwa hiyo siwezi kulifanya nyuma yake kama zawadi, na labda ni vizuri. Ijumaa nakwenda Matambarale kumwomba aje asaini. Simwombi arudi. Namwomba asaini, jina lake likae, halafu aishi atakapo. Akinifukuza nitakuandikia kwamba amenifukuza.

Sufuria nimenunua mbili, sikujua ukubwa gani ni sahihi.

Ukija Desemba uje na godoro la shule. Lako la hapa lililowa maji siku tangi lilipopasuka likaota ukungu, nikalitupa. Hilo pia sikukuambia.

Baba yako,
Isihaka